Namna ya Kuingia Jikoni Njombe na Kutoka Ukiwa Bado Mwanaume

Mwongozo huu ni wa kijana wa Njombe, Makambako na vijiji vya jirani aliyeamua kujifunza kusonga ugali, kupika makande na kuunga majani ya maboga, ila anaogopa majirani kuliko moto. Ondoa shaka. Fuata hatua hizi na heshima yako itabaki salama, hata kama ugali hautasalimika.

Hatua ya kwanza: ingia na sababu
Mwanaume haingii jikoni hivihivi. Bahati nzuri Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukifika mwezi wa sita baridi yake haina mswalie Mtume. Wewe umeenda kuota moto tu. Ukishakaa kwenye kigoda, sufuria ikaanza kufurika, mkono utafunua mfuniko wenyewe. Huko si kupika, ni ajali. Ajali hiyo ikitokea kila jioni, ushafuzu.

Hatua ya pili: mtafute babu
Wa kwanza kukucheka atakuwa mzee. Kumbuka kwamba wakati wa mkoloni wanaume wengi wa wilaya ya Njombe walikwenda kukata mkonge huko Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwaandikisha na kuwasafirisha, SILABU. Wengi waliwaacha wake zao nyumbani wakilima. Basi muulize kwa adabu: “Kamwene, babu. Kule kambini, jioni alikuwa anawasongea nani?” Kisha nyamaza, umwache akohoe.

Hatua ya tatu: kijue kiazi
Kiazi cha Njombe kikimenywa nyumbani, hiyo ni kazi ya dada. Kiazi hichohicho kikipanda fuso hadi Dar es Salaam, au kikiishia stendi ya Makambako, kinamenywa, kinakatwa na kukaangwa na kijana wa kiume, na hakuna anayemuuliza kama kwao hakuna wanawake. Anageuza chipsi mayai huku akiitwa mjasiriamali. Kwa hiyo ukifumaniwa unamenya viazi, mdai aliyekufumania shilingi elfu mbili. Papo hapo itakuwa biashara.

Hatua ya nne: pika sasa
Hapa utani unapungua, maana maharage hayataniwi. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, ndiyo maana maharage yanayomuivia shangazi wa Dar kabla hajamaliza kufua, hapa yanakushindisha. Yaloweke tangu usiku.

Majani ya maboga uyachume machanga. Vunja ncha ya kikonyo, uuvute ule uzi taratibu mpaka uachane na jani, kisha uhamie upande wa pili. Jani moja baada ya jingine, bila kuruka. Ukiacha nyuzi, wageni watatafuna kamba. Yafikiche viganjani mpaka vinyweleo vilegee, ndipo ukate.

Ugali unaanzia kwenye uji. Uache utokote vizuri, kisha ongeza unga kidogo kidogo huku ukiyakandamiza madonge kwenye ukuta wa sufuria. Ugali umeiva harufu ya unga mbichi inapoisha, si mikono yako inapochoka. Mdogo wako wa kike wa darasa la sita anafanya haya yote huku akikariri jedwali la kuzidisha. Usitoe machozi mbele yake. Sema ni moshi.

Hatua ya tano: jiandae na limbwata
Ukionekana na mwiko mkononi utaambiwa mkeo kakulisha limbwata. Jibu kisheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume ampatie mkewe malazi, mavazi na chakula. Haikusema chakula kiwe kibichi. Wakikazana, waambie kwamba mwaka 1983, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kumbe jiko lina thamani, ila tulikuwa tunakula kwa mkopo.

Hatua ya sita: jipongeze
Ukishapika mara moja, piga picha, weka kwenye WhatsApp, mpigie mama mkwe. Subiri makofi. Mama yako amepika miaka yote bila kupigiwa hata kofi moja, lakini kosa ni lake, hakupiga picha. Sufuria yenye ukoko iache palepale. Mpishi mkuu haoshi vyombo. Wala usijisumbue kuuliza kesho mtakula nini, unga umebaki kiasi gani au kuni ziko wapi. Mambo hayo hujitatua yenyewe, kwa kumtumia mtu mwingine.

Hatua ya saba: firigisi
Ukiishia hatua ya sita utakuwa umetoka jikoni mwanaume kamili, na jikoni hakuna kilichobadilika isipokuwa ukoko umeongezeka. Kama hilo linakukera, upo mtihani mmoja. Chinja kuku, mpike, mpakue mwenyewe. Firigisi, kwa mazoea yetu, ni ya baba mwenye nyumba. Sasa upawa unao wewe: inakwenda kwa nani? Ukisema ni ya aliyepika, basi mama yako anadai firigisi za kuku wote tangu aolewe, na itabidi uanze kulipa. Ukisema ni ya mwanaume, basi ulichojifunza ni mapishi tu.

Ukishaamua, osha vyombo. Kesho ni Jumanne, hakuna mgeni wala wa kupiga picha, na watu watataka kula tena.