Tamthilia Hunong'ona, Sabuni Hufoka

Nyumbani kwetu hapa Mabibo rimoti haishikwi na mwenye cheo. Hushikwa na mwenye kidole chepesi. Baba unaweza kulipa kodi, kifurushi cha king'amuzi na umeme juu yake, lakini ukichelewa kidogo tu kupunguza sauti tangazo linapoingia, unavuliwa madaraka mbele ya wanao.

Ugomvi huanzia kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Watu wa tamthilia hizo kila mmoja ana siri, na siri haitangazwi. Inanong'onwa dirishani, mvua ikinyesha, kinanda kikilia kwa mbali. Mama Zuhura anaongeza sauti. Feni inavuma, anaongeza tena. Mwanamke anamsogelea mwanamume, anafungua mdomo amwambie mtoto ni wa nani, na hapo hapo linaingia tangazo la sabuni ya unga. Vikombe vinagongana kabatini. Madoa yanatoka, bei imeshuka, wahi sasa! Mtoto aliyelazwa kwa taabu anaamka, jirani anagonga ukuta, mbwa wa mwenye nyumba anaitikia.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Muheza, alikuwa akisinzia kwenye kochi huku akikana kwamba amelala. "Nimefumba macho tu," alisema. Likaingia tangazo la dawa ya mbu: Toka! Toka! Toka! Mama akaketi wima, akajifunga khanga vizuri, akaanza kutafuta ndala zake kwa mguu.

"Nani anafukuzwa usiku huu?"

"Mbu, mama."

"Haya. Mngesema mapema, mtu ajue."

Akarudi kufumba macho, lakini asubuhi mkoba wake tuliukuta umefungwa, uko karibu na mlango.

Nina shemeji anayehariri sauti studio. Nilimpelekea malalamiko nikitegemea aniunge mkono, naye akanikatisha: "Shemeji, hilo tangazo halijavuka kikomo chochote." Akanieleza kwamba kwa miaka mingi kilichokuwa kikipimwa ni kilele cha sauti. Tamthilia hugusa kilele pale tu bastola inapolia au mlango unapobamizwa. Muda uliobaki iko chini inanong'ona. Tangazo hukandamizwa studio: sauti kubwa zinabanwa, ndogo zinapandishwa, halafu mzigo mzima unasukumwa juu mpaka kila neno linakaa jirani na kilele, hata lile la "vigezo na masharti kuzingatiwa". Debe ni lilelile; mmoja kamimina mchele, mwenzake kashindilia kwa mguu. Kwa kimo wamelingana. Jitwishe kichwani ndipo utakapojua.

Wenzetu waliamua kupima huo uzito. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa njia ya kupima sauti kwa kadiri sikio linavyoisikia, si kwa kilele peke yake. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ukapendekeza kipimo kimoja kwa vipindi na matangazo. Marekani kero ilifika hadi bungeni: Anna Eshoo, mbunge wa California, alisimamia mswada wa kuzuia matangazo yasipaze sauti kuliko vipindi yanavyovikatiza. Rais Barack Obama aliutia saini Desemba 2010, na kanuni zake zikaanza kutumika tarehe 13 Desemba 2012.

Desemba hiyohiyo, tarehe 31, Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia na kuingia dijitali. Wamarekani walipata utulivu. Sisi tulipata rimoti ya pili.

Na hapo ndipo balaa lilipozaliwa upya. King'amuzi kina sauti yake, televisheni ina yake. Mimi napunguza hii, Zuhura anaongeza ile, na mama yake anauliza nani kazima. Rimoti ya king'amuzi nayo haifanyi kazi kabla betri zake hazijatolewa, zikapigwa kiganjani, zikageuzwa na kurudishwa. Wakati nabonyeza kwa hasira, haishiki. Tangazo likiisha tu, inashika, na sauti yote inaporomoka hadi sifuri. Kwenye kioo mwanamke anafumbua midomo, mwanamume anashika kichwa, pete inatupwa chini. Siri imetolewa, nasi hatukuisikia. Mpaka leo hatujui mtoto yule ni wa nani, na nasikia lawama iko kwangu.

Kijana wetu alichokonoa mipangilio ya televisheni akakuta mahali pa kusawazisha sauti yenyewe. Tukawasha. Minong'ono ikapanda, sabuni ikashuka kwa adabu, mama mkwe akafungua mkoba. Tuliishi kwa amani mpaka Simba na Yanga walipokutana. Kifaa hakijui tofauti ya kelele ya sabuni na kelele ya uwanja, kilisawazisha vyote. Bao liliingia kwa upole wa ajabu. Mimi nilikuwa nimeinama namimina chai, nikapata habari kutoka kwa jirani yuleyule anayegonga ukuta.

"Baba Zuhura," mke wangu akasema, "rudisha ilivyokuwa."

Kwa hiyo sasa tuna utaratibu: usiku wa tamthilia inawashwa, siku ya mpira inazimwa, na anayesahau anaosha vyombo.

Wenye matangazo wangejua matokeo ya kufoka kwao wangelia. Vidole vya nyumba hii vimezoea; neno la kwanza likitoka, sauti inakatwa. Matangazo yote tunayajua kwa neno la kwanza, na hakuna hata moja ambalo tumewahi kufika kwenye jina la bidhaa. Dukani Mama Zuhura anaomba sabuni ya unga, basi, na Mangi anampa anayotaka yeye.

Wenye vituo, pimeni uzito, msipime kimo tu. Wenye sabuni, mtu yuko sebuleni kwake, amekaa hatua chache kutoka mlipo. Semeni taratibu, tunasikia.