K Moja kwa Bonde Zima

Alfred Butts, yule msanifu majengo wa Marekani aliyebuni Scrabble, angekuwa mkazi wa Ifakara asingethubutu kutia K moja tu kwenye vipande 100. Kilombero, Kidatu, Kiberege, Kibaoni, Kivukoni: tungeandikaje? Na kwetu Viwanja Sitini hata hiyo moja ilidonolewa na kuku, akatokomea nayo mpungani. Siku hizi K yetu ni kizibo cha soda. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana bahati ya ajabu ya kuiokota mfukoni. Mimi sisemi kitu.

Jumapili moja Mwalimu akapanga PUKU. Shemeji yangu, dereva bodaboda, akawaka.

"Mwalimu, heshima yako ipo palepale, lakini puku ni panya!"

Kamusi ya mchezo ikafunguliwa. Kumbe kwa Waingereza puku ni mnyama jamii ya kuro, apendaye mbuga za majimaji. Ndiye sheshe wetu huyuhuyu! Kuna wakati bonde hili la Kilombero lilikuwa na sheshe wengi kuliko popote duniani. Alama 10 kwa Mwalimu, na kwa sheria zetu anayebisha bure hupoteza zamu.

Tangu hapo shemeji akanywea, na Mwalimu akatumaliza kwa ukoo wetu wenyewe. DADA: sanaa ya vurugu iliyoanzia Zurich mwaka 1916. KAKA, kwa kizibo na kipande kitupu: kasuku wa New Zealand. BABA: keki iliyoloweshwa pombe. Hapo shemeji alishindwa kuvumilia, maana marehemu mzee wake alikuwa mlokole wa kukemea hata togwa.

Ngeli nazo ni vituko. ZA inakubalika, ati ni piza. YA, LA, PA na NA zimo. CHA ni chai. Shemeji akaweka WA, akakataliwa. Nani atamweleza kwamba watu hawamo, vitu ndivyo vimo?

Mwishowe akapata S mbili, H mbili, E mbili. Akazipanga kwa madaha: SHESHE. Mwalimu akapekua kamusi kurasa mbili, akatikisa kichwa.

"Halimo, mwanangu."

"Halimo? Mnyama ni huyohuyo, yuko ng'ambo ya mto hapo!"

"Yeye yupo. Jina ndilo halimo."

Shemeji akasimama, akapiga kiki pikipiki. "Nina abiria wa Kivukoni. Huyo ananilipa kwa Kiswahili."