Kesi ya Kumbikumbi

Stima ikipotea kwetu, hatutafuti hitilafu, tunatafuta mshukiwa. Giza likiingia tu, sauti inatoka sebuleni: "Nani ameguza nini?" Aliyekuwa anapiga pasi anamtaja aliyekuwa anachemsha chai, wa chai anamtaja mtoto, na mtoto, kwa kuwa hana mdogo wa kumtaja, anaanza kulia. Baada ya dakika kumi mwenye akili timamu anachungulia dirishani na kukuta mtaa mzima uko gizani. Kesi inaahirishwa bila mtu kuombwa msamaha.

Utaratibu ungekuwa rahisi. Kwanza tazama kwa jirani. Kama naye yuko gizani, tatizo liko nje, na namba ya kuripoti ni 97771 au *977#. Kama kwake kunawaka, angalia mita, kwa maana tokeni huisha bila kumuaga yeyote. Mita ikiwa na salio, nenda kwenye breka. Watu hawahitajiki kabisa katika uchunguzi huu, ndiyo maana hauna mvuto.

Hata stima ikileta hitilafu nyingine, tunatafuta kila sababu isipokuwa waya. Kitale, kwa mfano, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai maji ya mfereji hayana utu. Ploti tuliyokuwa tukiishi ilikuwa na shawa ya stima, ile inayopasha maji papo hapo. Ilikuwa na tabia moja: ukishika mfereji, mkono unawashwa hadi kwenye kiwiko. Wapangaji tulizoea, kama tulivyozoea keretaka kutopokea simu. Kulikuwa na shule mbili za mawazo. Moja ilifungua maji kwa kitambaa kikavu, nyingine kwa mwiko. Mama wa chumba cha mwisho alikuwa akiimba pambio kwanza, kisha anashika. Keretaka alisema maji ya Kitale ni makali.

Siku mwenye ploti alipomleta fundi, fundi hakuingia hata bafuni. Alizunguka nyuma ya nyumba na kusimama mbele ya mbuzi. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye ile fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini kando ya ukuta, na kwa kuvuta kila siku akifuata majani, alikuwa ameng'oa waya wa kijani na manjano. Ulikuwa umelala kwenye nyasi, haujafungwa popote.

Kazi ya waya huo ni kuipa stima inayovuja njia ya kushuka ardhini. Ukikatika, stima hubaki kwenye chuma cha mfereji ikisubiri njia nyingine, na mtu aliyelowa ni njia nzuri sana. Usidanganywe na udogo wa stima hiyo. Balbu ya wati 10 ya chooni, kwa volti 240, inatumia kama miliampea 42. Breka ya kumkinga mtu, ile iliyoandikwa RCD, huwekwa ianguke stima inayovuja ikifika miliampea 30, kwa sababu kupita hapo moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Kumbe kiasi kisichotosha kukuonyesha sabuni ilipo kinatosha kukuzika. Mwiko na pambio havimo kwenye hesabu hiyo. Waya ulifungwa upya, RCD ikawekwa, na mwenye mbuzi akauliza kwa uchungu ni nani atamlipa kigingi.

Lakini kesi kubwa ilikuwa Bungoma, upande wa Chwele, kwa khocha wangu, yaani mjomba. Khocha alikuwa amefunga taa kubwa ya usalama ukutani, na msimu wa mvua taa hiyo ilikuwa na kazi ya pili. Jioni mvua ikikatika, kumbikumbi wanaruka kuifuata, naye ameweka beseni la maji chini yake. Basi taa inawaka, kumbikumbi wa kwanza wanaanguka kwenye beseni, mara tap! Breka kuu chini, boma lote giza. Kumbikumbi hawakusubiri. Walihamia kwa jirani, ambako taa ilikuwa inawaka, na Khocha akasimama gizani akimtazama jirani akiwazoa kwa sufuria.

"Huyu mtu ana kitu," alisema.

Ushahidi ulikuwa mzito. Ilitokea jioni za kumbikumbi tu. Ilitokea kwake tu. Na aliyefaidika alikuwa mmoja. Mafundi walioitwa walifika saa sita mchana, jua likiwaka, wakakuta kila kitu shwari, wakaomba nauli. Mpwa mmoja alishauri breka ibadilishwe, iwekwe kubwa isiyoanguka ovyo. Ushauri huo ndio wa kuogopwa kuliko jirani yeyote: breka kubwa kwenye waya mwembamba ni kuuhamishia moto darini.

Aliyeimaliza kesi ni mke wa Khocha, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. "Mzee, kaa chini," alisema, akachukua tochi. Alichomoa kila plagi, akashusha breka zote ndogo, akapandisha ile kuu. Ikakaa. Kisha akapandisha ndogo moja moja, akisubiri kidogo kila mara. Soketi za sebule: kimya. Jikoni: kimya. Taa za ndani: kimya. Taa za nje: tap!

Aliiacha ile moja chini, nyumba ikapata mwanga, watu wakala. Kama kungekuwa na harufu ya kuungua au kisanduku kingekuwa cha moto, asingegusa tena, angezima kuu na kungoja fundi. Fundi alikuja asubuhi, akazima, akajaribu testa yake kwanza mahali penye stima kuhakikisha inasema kweli, ndipo akafungua taa. Mpira wa kuzuia maji haukuwepo. Ndani mlikuwa na maji ya mvua, na mbawa za kumbikumbi zilizoshindiliwa kati ya vichwa vya nyaya kama pamba, zimelowa chepechepe. Mchana zilikauka, jioni zikalowa tena. Jirani hakuwa amefanya lolote zaidi ya kumiliki taa nzima.

Khocha alinunua taa iliyoandikwa IP65. Fundi akamweleza kwamba 6 ni ya kuzuia vumbi lisipenye na 5 ni ya maji yanayorushwa. Aliuliza kumbikumbi wanahesabiwa wapi, akaambiwa kwenye vumbi. Aliuliza pia leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kwa shinikizo la Mwalimu, na fundi akaitoa mfukoni bila kununa, jambo linalopendeza. Sasa Mwalimu hubonyeza kile kitufe cha T kwenye RCD kila mwezi kuona kama bado inaanguka, na boma zima hulalamika.

Kuhusu jirani, Khocha amekubali nusu. "Mambo ya stima nimeelewa," anasema. "Lakini kumbikumbi walijuaje njia ya kwake?"