Ada ya Marehemu

Kwetu Tanga hadithi husikilizwa ikaisha, watu wakaenda kulala. Lakini mpwa wangu akiwa likizo, nikisema "Paukwa!" kabla hata sijaitikiwa, keshanyoosha mkono.

Anasoma fasihi linganishi chuo kikuu. Ada nachangia mimi, kwa hiyo kulalamika nako ni haki yangu.

Juzi nawasimulia watoto jinsi Abunuwasi alivyoazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani: imezaa. Jirani kapokea mtoto bila kuuliza. Safari ya pili akaambiwa sufuria imefariki. Watoto hawajacheka vizuri, binti kadakia: "Mjomba, hiyo Waturuki wanayo pia, ila kwao ni ya Nasreddin Hodja." Wawe nayo! Nani kawanyang'anya? Akaendelea kwamba Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, na sifa yake kubwa ni mashairi ya mvinyo. Mbele ya watoto, tena ndio kwanza tumetoka kuswali Magharibi! Mke wangu akanikazia macho mimi, utadhani ndiye niliyekuwa nikimmiminia.

Nikakimbilia kabati la vitabu. Nikamtoa Bwana Msa, mpelelezi wetu wa Unguja, na kiko chake mdomoni. Binti akasema huyo ni ndugu yake Sherlock Holmes, na mwenzake Najum ndiye Watson. Nikamtoa Shaaban Robert, nikijua hapo hapenyi, maana ni mtoto wa Vibambani, hapa hapa Tanga. Kwa bahati mbaya mkono ukaangukia Omar Khayyam aliyemtafsiri. Basi nikapewa somo: Khayyam alitoka Uajemi, mwaka 1859 FitzGerald akamvika Kiingereza na kumwongezea mengi ya kwake, ndipo Shaaban akampokea kutoka huko na kumtia Kiswahili. Hilo, kusema kweli, lilinikuna. Sikuonyesha. Ningeonyesha, angeomba hela ya kitabu kingine.

Kilichonichoma hasa kilikuja wakati wa chai. Akasimulia, tena anacheka, kwamba mwaka 2003 profesa Gayatri Spivak, gwiji wa somo lao, alitoa kitabu ambacho jina lake tu linatangaza kifo cha somo lenyewe. Nikaweka kikombe chini. "Mwanangu, sasa mimi natuma ada au rambirambi?" Akanituliza: limetangaziwa msiba mara nyingi, wenyewe wamezoea, na Jumatatu vipindi viko palepale.

Jana kaja na simu, anataka kunirekodi. Msimamizi wake amependa ile sufuria, anaitaka kwa lafudhi ya huku. Nikachungulia daftari lake: "Msimulizi: mwanamume, mzee, Tanga." Mzee! Nikauliza malipo ni kiasi gani. Akasema wasimulizi hawalipwi, hutajwa kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya msimamizi, wahadhiri, mkutubi na wenzake wa bweni.

Nikamwambia kwa nafasi hiyo nitamsimulia nusu.