Rangi Bado Mbichi

Wapo watu wanaoamini kwamba mchoraji huamka alfajiri, huketi dirishani na kikombe cha kahawa, hutazama mbali, na picha humjia yenyewe. Mimi nimepanga Mwananyamala, katika nyumba yenye ua mmoja na kamba za nguo zisizohesabika. Dirisha langu linatazama choo. Kinachonijia alfajiri ni foleni ya wapangaji wenye ndoo na miswaki, na kila apitaye hunisalimu kwa swali lilelile: "Msanii, hiyo picha bado tu?"

Jibu lipo, ila hakuna aliyewahi kulisubiri hadi mwisho, maana kwenye foleni ile kila mtu ana haraka zake. Nachora kwa mtindo wa Tingatinga, na Tingatinga huchorwa kwa rangi ya mafuta, hiyohiyo inayopakwa mageti na madirisha. Sifa yake ni kung'aa. Ubaya wake ni kwamba haikauki kwa kuombwa. Kwanza unawamba kitambaa kwenye fremu, unakipaka nyeupe, unakiacha. Kisha unapaka mandhari ya nyuma, tuseme machweo, njano ikiingia kwenye chungwa na chungwa ikiingia kwenye nyekundu, unaacha hadi kesho. Ndipo anapoingia twiga. Twiga akikauka unampa mabaka, na mabaka yakikauka unayazungushia mstari mwembamba kwa brashi uliyoipunguza nywele kwa wembe. Ukifanya pupa, twiga anazama kwenye machweo na unabaki na sufuria la mchuzi wa nyanya. Wakati wa masika, hewa ikiwa imelowa, hiyo kesho yenyewe hufika rangi ikiwa bado inanata. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu si kuchora. Ni kulinda kitu kibichi kisiguswe, katika ua wenye kuku, watoto, mashuka yanayopeperuka na mama mwenye nyumba.

Mama mwenye nyumba namheshimu sana. Huniita mwanangu, hasa tarehe za mwisho wa mwezi. Kasoro yake ni kwamba hapendi kuona kitu kimekaa bure. Kuna kitambaa kikubwa nilichokuwa nimekiwamba kwa ajili ya mteja aliyetaka simba, tembo, nyati na jamaa zao wote wamekusanyika mtoni. Nilikipaka nyeupe, kikakauka vizuri, nikakiegemeza ukutani, nikaenda dukani kununua thina. Niliporudi nilikikuta kimelazwa juu ya vigoda viwili katikati ya ua, juani, na dagaa wamepangwa juu yake toka pembe hadi pembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekiona hicho kichanja chako. Kizuri, kimenyooka, ila ungekiongezea miguu."

Utasema nini? Kodi ya mwezi ule nilikuwa sijalipa. Nilisubiri dagaa wakauke, nikawasaidia kuingia kwenye gunia, kisha nikakipaka kitambaa nyeupe upya. Madoa yaliondoka. Harufu ilikataa. Nilipaka tena, nikakianika tena, na kila jua lilipopanda harufu ilipanda nalo. Paka wa jirani akahamia chumbani kwangu na kuanza kulala chini ya fremu, akiitazama ile nyeupe tupu kwa makini ambayo sijawahi kuyapata kwa mtazamaji yeyote mwenye miguu miwili. Mwisho nilimpigia simu mteja, nikamwuliza kama angekubali samaki mahali pa simba. Akakubali. Nikachora bahari yote: pweza, kamba, changu, kasa, na mvuvi mmoja ndani ya ngalawa. Alipokuja kuichukua aliisogelea, akavuta pumzi, akasema anaisikia pwani kabisa. Sikumkatalia. Wanaouliza mawazo ya msanii hutoka wapi, basi ya picha ile yalitoka soko la samaki la Feri, yakapitia kwa mama mwenye nyumba.

Ninaye rafiki aliyesomea sanaa. Yeye husema tatizo langu ni kukosa utulivu; kwamba mtu hawezi kubuni jambo la maana mahali ambapo redio tatu zinashindana. Nikamsikiliza. Nikachagua asubuhi ya katikati ya juma, siku ambayo Coco Beach haina watu, nikabeba daftari na penseli, nikakaa juu ya mwamba kuitazama bahari. Bahari ilikuwa pale, kubwa na tulivu, nami nilikuwa pale, mdogo na mtupu. Hakikuja kitu. Kilichokuja ni kivuli, na ndani ya kivuli muuza mihogo.

"Kaka, wewe unajua kuandika herufi kubwa?"

Nikamwambia najua. Alikuwa na kipande cha ubao na kopo la rangi lililobaki robo, na mpaka jua likawa la utosi nilikuwa nimemwandikia MIHOGO YA MOTO, PILIPILI BURE, na chini yake nimemchorea mhogo unaofuka moshi. Alinilipa kwa mihogo, kachumbari, na hiyo pilipili ya bure. Nilirudi nyumbani na tumbo limejaa na daftari jeupe. Rafiki yangu alipouliza utulivu umenisaidiaje, nilimwambia ukweli: ulinisaidia hadi alipotokea mtu wa kuuvunja, na baada ya hapo ndipo nilipofanya kazi.

Nikiona naonewa huwa namkumbuka Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, yule wa Tunduru, ambaye jina lake ndilo linalotupa ugali. Alizaliwa mwaka 1932, akahangaika kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama sisi sote, na alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na vifaa vya wasanii. Alitumia rangi za dukani na hadibodi, zile mbao za kupigia dari. Wageni hutazama picha zake za mraba na kuanza kueleza maana ya mraba. Fundi yeyote wa dari atakupa maana fupi zaidi: ubao mzima ni futi 4 kwa 8, na ukiukata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata 8 bila kutupa hata kipande. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya Morogoro Stores, kwa wageni waliokuwa wakiishi maeneo yale, huku jamaa zake wakijifunza kwa kukaa naye. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu, na kati ya hiyo sidhani kama aliwahi kuambiwa akae kimya atazame bahari. Waliobaki waliendelea kuchora, na leo hapo hapo Oysterbay kuna ushirika wao na vibanda vimejaa twiga hadi barazani.

Lakini twiga hulipa kwa msimu, wageni wakiwepo. Unga hununuliwa kwa mabango, na huko ndiko vituko viliko.

Mchukue kinyozi. Kinyozi hutaka bango lenye vichwa, kila kichwa na mtindo wake, ili mteja anyooshe kidole badala ya kueleza. Kuchora vichwa kunahitaji mtu wa kutazama, na katika ukoo wetu mtu pekee anayeweza kutulia ni mjomba wangu, kwa sababu akishakula hulala kwenye kiti mdomo wazi. Nilimchora yeye. Nikamchora tena. Matokeo yake, vichwa vyote vya vinyozi wa mtaani kwetu vina masikio ya mjomba, na mjomba ana masikio. Alipokuja kutusalimia alijikuta barabara nzima, hapa ana panki, pale ana rasta, kule amechongwa mistari ubavuni. Mjomba ana upara tangu ujana wake. Alisimama mbele ya bango la mwisho kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani na kumwambia kinyozi kwamba mtu ambaye sura yake inaita wateja hawezi kutozwa hela ya kunyoa ndevu. Hadi leo hanyoi kwa pesa.

Kinyozi huyohuyo ana tabia nyingine, nayo ni ya wateja wengi. Huja na neno moja. "Niandikie KINYOZI." Unapima ubao, unagawa herufi, unaziweka pana na nzuri. Zikishakauka anakuja kuuliza kama pangepatikana nafasi ya "na kuchonga ndevu". Panapatikana. Halafu "na masaji ya kichwa". Halafu "tunachaji simu". Halafu namba yake ya simu, ambayo hubadilika kabla rangi haijakauka. Bango lile leo, neno la kwanza unalisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Mengine mpaka uwe umeshakaa kwenye kiti na kufungwa kitambaa shingoni.

Hata hivyo, bango lililonilea kuliko yote ni ukuta. Kila mwenyeji wa Dar es Salaam anayajua yale maandishi mekundu, NYUMBA HII HAIUZWI, yanayowekwa ndugu wasije wakauziana urithi kinyemela. Kuna nyumba moja karibu nasi ambayo baba alifariki na watoto hawasikilizani. Kaka mkubwa alinilipa niandike haiuzwi. Mdogo wake akanilipa nifute. Dada yao akaja toka Morogoro, akanilipa niandike tena, herufi ziwe kubwa zaidi, na kuongeza MATAPELI KUWENI MAKINI. Mdogo mtu akaja usiku na kopo la nyeupe, akataka nifanye kazi kwa tochi. Nikamtoza bei ya usiku. Sina upande. Nimetengeneza karatasi ngumu yenye herufi zilizokatwa tayari, ili kazi iende haraka ikihitajika. Ukuta ule umebeba matabaka ya rangi kuliko picha yoyote niliyowahi kuchora. Shauri la mirathi liko mahakamani, na nadhani mtaa mzima ni mimi peke yangu nisiyeliombea liishe upesi.

Rangi inayobaki kwenye makopo huota utando, na kuitupa ni dhambi. Niliamua kuimalizia kwenye vifuu vya nazi: unakipiga msasa, unakipaka, unakitia vidoa, kinakuwa kibakuli cha kuwekea hereni. Nikatangaza kwa watoto wa uani kwamba kila kifuu kizima nitakinunua shilingi mia. Sikutaja kwamba nazi iwe imekwisha kukunwa. Jioni ile kina mama walirudi kutoka sokoni na kukuta nazi zote zimevunjwa kwa mawe, maji yake yamemwagika mchangani, na watoto wamepanga mstari mlangoni kwangu, kila mmoja na vipande vyake. Wiki ile nyumba nzima ilikula wali mkavu, na kila aliyepita kwenda chooni alinitazama bila kuuliza habari za picha. Ilikuwa wiki yangu yenye utulivu mkubwa kuliko zote, na sikuchora kitu.

Basi, ukihitaji picha au bango, karibu Mwananyamala, uliza kwa msanii, utaonyeshwa. Njoo na maneno yako yote kwa pamoja, namba ya simu ikiwemo. Nusu ya malipo ni mkononi kabla sijafungua kopo. Maneno yakiongezwa baada ya kukauka, hiyo ni bei nyingine. Na chochote utakachokikuta kimelazwa uani, cheupe au chenye rangi, usikiguse na usikianikie kitu.