Kulipia Mkwaruzo

Fundi wa redio wa hapa kwetu Lugulu ana sheria moja tu: spika ikikwaruza, imeharibika. Amekula kwa sheria hiyo tangu enzi za kaseti. Wateja wanamjia kutoka Misikhu na hata Webuye, na hakuna aliyewahi kumletea redio inayolia vizuri akamwomba aikwaruze. Mpaka nilipofika mimi na pedali ya fazi.

Pedali ilikuja vipande vipande ndani ya bahasha, ya kujiundia, na karatasi ya maelezo iliapa kwamba hata asiyejua chochote ataiweza. Kweli si mzigo mkubwa. Saketi yake ni ile ya Fuzz Face, pedali iliyotoka London mwaka 1966 katika kasha la duara lililoigwa kutoka kitako cha stendi ya maikrofoni: ina transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vifundo 2 vya kuzungusha. Kazi yake ni kuikuza sauti ya gitaa kupita kiasi mpaka vilele vya mawimbi vikatike. Kinachobaki ni mkwaruzo, na watu huulipia.

Ingelia vizuri ilivyokuja, na transista zake za silikoni. Lakini wapenzi wa fazi hushikilia kwamba utamu uko kwenye jemaniamu, zile transista za zamani za kikopo cha chuma chenye miguu mitatu. Na ni nani mwenye vya zamani kumshinda Kuka? Redio ya babu yangu huyo ilikuwa imelala juu ya kabati tangu ilipokata sauti. Ndani, karibu na spika, zilikaa AC128 mbili, pacha kabisa.

“Chukua,” alisema Kuka, “lakini zikianza kusema tena, ni zangu.”

Shida ni kwamba AC128 ni PNP, na zile za kwenye bahasha zilikuwa NPN. Ukizibadilisha, betri lazima igeuzwe, kapasita zenye chanya na hasi zigeuzwe, na kitaa chekundu nacho kigeuzwe. Mikono yangu na risasi ya moto havipatani, basi nikampelekea fundi.

“Kijana, hii ukiwasha itakwaruza.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Usijali. Nitakutolea.”

Alinitolea kweli. Nilipoichukua, gitaa lilitoka safi kama kwaya ya Marafiki siku ya Pasaka. Nilifungua kasha nikakuta waya mmoja, umelehemiwa kwa ustadi mkubwa, kutoka tundu la kuingilia moja kwa moja hadi tundu la kutokea. Transista za Kuka zilikuwa zimerukwa, zinatazama tu. Na kazi hiyo nilikuwa nimeilipia.

Nilikata waya, pedali ikanguruma. Asubuhi, baridi ya Elgon ikiwa bado haijaondoka, ilikuwa nene na tamu. Saa saba mchana, chini ya mabati, ilikuwa inakohoa na kukatakata maneno. Jemaniamu ikipata joto huvujisha umeme, na mizani yote ya saketi huyumba. Ikabidi niombe nafasi kwenye friji ya soda ya mama wa duka jirani. Alikubali, ila mteja mmoja alitaka kujua hiyo ya kifundo ni ladha gani.

Nilirudi kwa fundi kumweleza. Mzee huyu amekulia kwenye omutibo ya George Mukabi, gitaa kavu ambalo kila uzi unasikika, kwa hiyo nilianzia mbali: studio ya Nashville, Marekani, mtambo uliharibika mpiga gitaa Grady Martin akirekodi, na mlio ule mbovu ukaachwa kwenye wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961.

“Na fundi wao hakuwepo?”

Alikuwepo, nikamwambia. Glenn Snoddy. Badala ya kuuondoa ule ubovu aliuundia saketi, akaiuzia kampuni ya Gibson. Mwaka 1962 ikatoka pedali ya Maestro Fuzz-Tone, na 1965 mpiga gitaa Keith Richards akaipiga dunia nzima ikasikia.

Mzee aliweka chini chuma chake cha kulehemu.

“Aliuza ubovu?”

Tangu hapo redio mbovu hazitupwi tena pale. Kuna boksi zima chini ya meza, na kila kikopo cha miguu mitatu kina bei yake. Kwa hiyo ukiwa na redio ya zamani darini, ndugu msomaji, iwe Kimilili au Kitale, niletee mimi kwanza. Ukianzia kwa fundi, nitainunua kwake kwa bei mara tatu.