Ngeli za Kadi Iliyonyamaza

Taaluma ya kadi za mtandao zinazonyamaza mara laptop inapopigwa Windows upya bado haijapewa kitivo, ingawa maabara zake zimetapakaa kila mtaa wenye fundi na ekstensheni ya umeme iliyoelemewa. Msimamo wa makala haya ni kwamba kadi nyingi zinazotangaziwa msiba bado zi hai.

Ngeli ya kwanza, nayo ndiyo inayokusanya wengi, ni ya Wasiotambulika. Alama ya waifai haipo kwenye kona ya skrini. Ukifungua orodha ya vifaa, unakuta kidhibiti cha mtandao kisicho na jina la kampuni, kimebandikwa mshangao wa njano; ukikidodosa kinajibu msimbo 28, yaani draiva haijawekwa. Hapo ndipo lilipo fumbo kuu: draiva iko intaneti, intaneti inataka kadi, na kadi inasubiri draiva. Windows 11 imelikoleza kwa kudai mtandao hata kabla hujaiona desktopu.

Shule ya vitendo hulifumbua kwa simu. Chomeka Android kwa waya wa USB, iruhusu igawe data, na kwa kawaida laptop itadhani imepata kebo ya mtandao. Dhana hiyo ina gharama. Ikijiona iko kwenye kebo, Windows huanza kushusha masasisho yake kwa uchu, na bando la wiki huweza kukata roho kabla draiva yenyewe haijafika. Iambie kwanza kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo.

Wanagenzi huandika "draiva ya waifai" na kuangukia kurasa zenye vitufe vya kijani vinavyoshindana kudanganya. Mbobezi hufungua sifa za kifaa na kusoma utambulisho wake: VEN_8086 ni Intel, ambayo ilijitwalia namba ya prosesa yake ya 1978, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14E4 ni Broadcom. Ukichukua hiyo pamoja na namba ya DEV inayoifuata, hubahatishi tena.

Ngeli ya pili ni ya Wanafiki: jina lipo, mshangao haupo, ila mtandao hauonekani hata mmoja; au unatokea msimbo 10, kwamba kifaa kimeshindwa kuanza. Mara nyingi draiva ni ya ndugu yake, si yake. Ifute, kisha weka ile ya modeli hiyohiyo kutoka kwa aliyeitengeneza laptop. Madhehebu ya Zima-Washa hupata ushindi mwingi hapa, jambo linalowaudhi wasomi, lakini nao wana kosa la kimbinu: tangu Windows 8, kuzima si kuzima kabisa, kwani sehemu ya mfumo huhifadhiwa ikiwa imelala. Chagua kuwasha upya.

Ngeli ya Waliozimwa haihitaji sura nzima. Bonyeza kitufe chenye picha ya ndege.

Hubaki Marehemu halisi, wasioonekana kwenye orodha ya vifaa wala kwenye BIOS. Wasichanganywe na Majeruhi wa Fundi, wanaoiona ruta pale tu laptop inapoegeshwa kando yake, kwa sababu nyaya mbili za antena zilichomoka RAM ilipokuwa ikiongezwa. Marehemu hurithiwa na kidude cha waifai cha USB, ambacho nacho huja na draiva yake ndani ya CD, na laptop haina pa kuiingizia.